Taa baharini, chura mtini, na wote wana kiu

(Maneno haya yalisemwa jioni moja ya mwanzo wa masika, mbele ya wanafunzi, wazazi na wavuvi, katika shule moja ya sekondari wilayani Pangani. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa. Ni marudio machache tu yaliyopunguzwa.)

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za jioni. Wanafunzi, hamjambo? Naona hapa mbele wamekaa mama zetu wa kuchokoa pweza, na kule nyuma wavuvi wamesimama karibu na mlango, kama kawaida yao, ili hotuba ikichusha watoke bila kuaga. Karibuni nyote.

Aliyenialika aliniambia nisilete mambo ya mtihani. Nimeleta beseni. Aliyemo ndani nilimnunua mnadani leo alfajiri, amekwisha kufa, msimwogope. Nimemfunika kwa gunia bichi, lakini sikumtia barafu wala chumvi, na nimefanya hivyo makusudi. Mwenye pua kali anuse sasa hivi, kisha anuse tena nitakapomaliza.

Mnyama wangu wa pili sikumleta, kwa sababu mnaye wenyewe. Nilipofika mchana niliegesha baiskeli nyuma ya jiko la shule, pale penye mkwaju ulioinamia dimbwi la maji ya mvua. Nikainua macho. Juu ya tawi, katika jua la saa nane, amekaa chura. Mweupe kama chokaa, miguu ameikunja chini ya tumbo, macho nusu wazi, hana habari na mtu. Na hatua mbili kutoka alipokaa linaning'inia povu, kubwa kama nazi iliyofuliwa. Mpishi akaniambia, "Mwalimu, hilo tumeliona asubuhi, tunadhani watoto wamerusha sabuni." Watoto leo hawana kosa, mama. Povu hilo nitalirudia.

Basi kazi niliyojipa ni kuwalinganisha hawa wawili, taa na chura wa mti. Najua wavuvi wangu wanavyofikiri: huyu mzee amestaafu vibaya. (Kicheko.) Taa hulinganishwa na papa, chura hulinganishwa na chura mwenzake. Mmoja hajawahi kupanda mti, mwingine akitupwa baharini hafiki jioni. Lakini mimi nimefundisha baiolojia miaka mingi, na sijapata wanyama wawili wanaoshiriki shida moja kwa karibu zaidi kuliko hawa. Shida yenyewe ni kiu. Na dawa ya kiu yao, kwa wote wawili, imo kwenye mkojo. Watoto wanacheka. Chekeni, lakini sikilizeni.

Kwanza tumtambulishe wa beseni. Kiswahili hakina ubahili: taa ni ya kuwasha magharibi ikiingia, na taa ni wa kula na wali wa nazi. Ngeli ndiyo inayotuokoa. Ukisema "taa imezimika" tunatafuta kiberiti. Ukisema "taa amezimika" tunakutazama mara mbili. Wavuvi wana majina zaidi, kina nyenga na kina pungu, na mengine ambayo hubadilika ukihama kijiji. Huyu wangu ni mdogo. Sahani ya mwili wake haizidi sana sentimita 35 kwa upana, rangi yake ni ya udongo wa manjano, na mgongo mzima umetapakaa madoa ya samawati kama mtu amemnyunyizia wino. Mkiani mistari miwili ya rangi hiyo hiyo. Jina lake la kisayansi ni Taeniura lymma. Alimpa Peter Forsskål, Mswidi aliyetumwa Uarabuni na mfalme wa Denmark pamoja na wenzake. Waliondoka Copenhagen mwaka 1761. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763 kwa malaria, akiwa na miaka 31. Katika msafara ule alirudi kwao mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, na yeye ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Huwa namkumbuka kijana yule kila nikimwona taa huyu sokoni, na nadhani mimi ni mtu pekee mnadani anayenunua samaki kwa huzuni.

Chura anaitwa Chiromantis xerampelina. Aliyemwandika mwaka 1854 ni Mjerumani, Wilhelm Peters, aliyezunguka Msumbiji miaka ya 1840. Yupo pwani ya Kenya, yupo kwetu, yupo kusini hadi Afrika Kusini. Ukoo wake una jambo: karibu jamaa zake wote wako Asia, na hapa Afrika kuna tawi moja dogo tu. Pwani hii tusishangae. Kila mtu ana mjomba ng'ambo.

Sasa kiu.

Mama zangu, mnapotengeneza kachumbari mnakata vitunguu, mnavitia chumvi, mnaviacha kidogo. Mkirudi mnakuta nini kwenye bakuli? Maji. Nani ameyamwaga? Hakuna. Chumvi iliyo nje imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Maji ndivyo yalivyo, yakiachiwa njia huenda upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Sasa chukueni samaki badala ya kitunguu. Kila lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Damu ya changu, au ya tasi, ina ukali wa karibu theluthi moja tu ya bahari inayomzunguka. Kwa hiyo changu ni kitunguu ndani ya kachumbari. Bahari inamnyonya maji usiku na mchana, kupitia matamvua yake. Mtu anayeogelea ndani ya maji anakaukiwa na maji! Changu anafanyaje? Anakunywa bahari. Anainywa kutwa, kisha matamvua yake yanafanya kazi ngumu ya kuitoa chumvi nje. Ni maisha ya kukinga maji kwa ndoo iliyotoboka, na ameyazoea.

Taa hakuikubali kazi hiyo. Taa, na papa pamoja naye, walichagua njia nyingine: kama bahari inavuta kwa sababu ni kali kuliko damu, basi damu nayo iwe kali. Swali ni kuikoleza kwa kitu gani. Wangeikoleza kwa chumvi, misuli na mishipa ya fahamu ingeharibika. Wakaikoleza kwa yurea.

Wakulima mliopo hapa, yurea mnaijua. Ni ule mfuko wa mbolea nyeupe wa chengachenga, ulioandikwa 46, maana yake asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni. Ile ya dukani hutengenezwa kiwandani. Lakini ini lako linatengeneza yurea hiyo hiyo, sasa hivi, ukiwa umekaa kwenye benchi. Ukila maharage, ukila samaki, protini ikivunjwa inabaki naitrojeni ambayo mwili hauihitaji. Hiyo naitrojeni kwanza huwa amonia, na amonia ni sumu. Ini linaigeuza yurea, figo zinaichuja, unaimwaga chooni. Kwetu sisi yurea ni taka. Kwa taa yurea ni mtaji. Figo zake zinapoichuja huirudisha sehemu kubwa katika damu, kama mama anayerudisha chenji kwenye kanga. Mwishowe damu ya taa inakuwa na yurea zaidi ya mara 50 ya damu yenu. Jambo hili liligunduliwa zamani. Wajerumani wawili, Städeler na Frerichs, waliikuta yurea nyingi katika miili ya samaki wa aina hii mwaka 1858, na inasemekana mshangao haukuwa mdogo. Mtu mwenye damu ya namna hiyo daktari angemwandalia mashine ya figo na kumwita ndugu yake mmoja nje ya chumba.

Ukijumlisha chumvi kidogo iliyomo na yurea hii, damu ya taa inalingana na bahari, tena inaizidi kidogo. Kwa hiyo mkondo umegeuka. Maji yanamwingia taratibu yenyewe, hana haja ya kunywa bahari. Ile chumvi inayojipenyeza anaitoa kwa kitezi kidogo, mfano wa kidole, kilichoko mwishoni mwa utumbo. Kazi ya kitezi hicho ilijulikana mwaka 1960, Marekani, kwa kuchunguza papa mdogo. Mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono. Ndiyo, baba.

(Mwanafunzi: Mwalimu, yurea nyingi hivyo haimdhuru?)

Swali zuri, na mwenzio hapo asicheke. Yurea nyingi huvuruga protini, huzifumua kama mtu anayefumua ukili. Taa ana dawa yake. Pamoja na yurea anaweka kitu cha pili, trimethilamini-oksidi, kinachozikaza protini upande wa pili. Kwa kila sehemu mbili za yurea, karibu sehemu moja ya hicho. Mmoja anafumua, mwingine anasuka, na mwili unakaa sawa. Jina ni refu, lakini mnakifahamu kwa pua: bakteria wakikivunja samaki akishakufa, kinachotoka ndicho tunachokiita shombo. Na bakteria hao hao wakiivunja yurea, inatoka amonia. Mnusieni tena huyu wa beseni. Hata mita hizi chache? Bado kidogo. Subirini.

Hapa nataka niwape heshima yao babu na bibi zetu. Walijua, bila ya kusoma haya, kwamba changu anaweza kungoja mpaka jioni lakini taa na papa hawangoji. Ndiyo maana papa na taa hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani hadi wawe wagumu kama ubao. Wengi wenu mmekula ng'onda ya papa kwa tui zito na ndimu. Mtu atakwambia ni kwa ajili ya ladha. Ladha ipo, sikatai. Lakini asili yake ni mbio kati ya mwenye kisu na amonia.

Sasa tumwache taa, tupande mtini.

Chura wa kawaida ni kiumbe asiye na mlango. Ngozi yake iko wazi: hupumulia, na hata maji hayanywi kwa mdomo, huyanyonya kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Ndiyo maana chura hujibanza kwenye unyevunyevu, chini ya mtungi, kwenye migomba, na hutoka usiku. Muweke chura wa kawaida juu ya bati mchana na utamkuta kama kipande cha kiatu cha zamani. Sasa huyu wa mkwajuni amekaa kwenye jua la saa nane, kiangazi na masika, na kwa siku nyingi mfululizo hashuki kunywa. Anathubutuje?

La kwanza ni ukao wake. Amekunja mikono na miguu kama mtu aliyejifunika shuka moja, ngozi inayoonekana na jua iwe chache kadiri inavyowezekana. La pili ni rangi. Usiku ni kahawia au kijivu, anafanana na gome. Jua likipanda anageuka mweupe, kwa sababu chini ya ngozi ana seli zilizojaa fuwele ndogondogo zinazorudisha mwanga ulikotoka. Anavaa kanzu nyeupe, kama mzee anayekwenda Ijumaa. La tatu ni kwamba ngozi yake imefunga mlango. Maji yanayomtoka yanakaribia yale yanayomtoka mjusi, si chura. Na joto likikaribia nyuzi 40, hapo ndipo anafungua tezi za ngozi na kutoa jasho la kujipoza, akitumia akiba aliyoilinda asubuhi nzima. Bahili ni yule anayejua siku ya kutumia.

Lakini la nne ndilo lililonileta hapa. Mwaka 1970 mtafiti aitwaye John Loveridge, akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliandika kuhusu mkojo wa chura huyu. Karibu vyura wazima wote waliojulikana walikuwa wakitoa yurea, na yurea inataka maji ya kuitoa nje. Huyu alikuwa akitoa asidi ya yuriki. Ukikausha mkojo wake, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni hiyo. Hiki si kitu kigeni kwenu. Ile sehemu nyeupe kwenye mavi ya kuku ndiyo asidi ya yuriki. Mjusi kafiri akiacha alama ukutani, mwisho mmoja mweusi na mwisho mmoja mweupe, ule mweupe ndio huo. Na wazee wanaolalamika kidole gumba cha mguu kuvimba baada ya nyama nyingi, ugonjwa wa jongo, ni asidi hiyo hiyo imejikusanya kwenye kiungo. Haiyeyuki vizuri katika maji, na kosa hilo ndilo faida yake: kwa kuwa haiyeyuki, inaweza kutupwa kama uji mzito, maji yakabaki mwilini. Ndege wanafanya hivyo, mijusi wanafanya hivyo. Chura kufanya hivyo ilikuwa kama kusikia kwamba mbuzi ametaga.

Sasa wawekeni pamoja. Protini ile ile, naitrojeni ile ile, tatizo lile lile la maji kutoroka. Mmoja yuko ndani ya bahari nzima na mwingine yuko juu ya mti mkavu, na kwa mtazamo wa damu wanaishi mtaa mmoja. Taa ameifanya taka yake kuwa ngome: anaishikilia ndani. Chura ameifanya taka yake kuwa kavu: anaitupa bila kutoa maji. Na kiluwiluwi wa chura huyu huyu, akiwa bado dimbwini, ana maji tele, kwa hiyo anatoa amonia moja kwa moja bila hesabu, kama changu. Anakuwa bahili akishaota miguu.

Mashine ya kutengeneza yurea ndani ya ini ilielezwa mwaka 1932 na Hans Krebs na Kurt Henseleit, Ujerumani. Mwendo wake ni ule ule kwa taa na kwetu, tofauti ni ndogo ndogo. Na kuna Mmarekani aliyeunganisha mambo haya akiwa amefika hadi kwetu Afrika Mashariki, Homer Smith. Mwaka 1928 alikuja upande wa Ziwa Victoria kumtafuta kamongo, yule kambare mamba anayejizika kwenye tope kavu kiangazi. Akakuta kwamba kamongo akiwa amejizika huilimbikiza yurea mwilini akingoja mvua. Miaka michache baadaye aliandika kwa kina kuhusu yurea ya papa na taa. Nampenda mtu yule kwa sababu hakuona haya kutoka kwenye maabara nzuri kwenda kuchimba matope ziwani.

(Mvuvi mmoja kutoka mlangoni: Mwalimu, na wale nyenga tunaowakuta huku mtoni, kwenye maji baridi, damu yao si itawapasua?)

Nilijua hamtatoka bila kunikamata. Umesema kweli. Taa mwenye damu kali akiingia mto Pangani maji yatamwingia kwa fujo, kama kunde zilizolowekwa. Wale wanaostahimili mlango wa mto hupunguza yurea yao kwa kiasi, na wanakojoa sana. Na huko Amerika ya Kusini, kwenye mto Amazon, kuna taa waliokaa maji baridi vizazi na vizazi hata wakaiacha kabisa biashara ya kulimbikiza yurea. Ukiwarudisha kwenye chumvi hawaijui tena. Kwa hiyo jibu ni kwamba mgeni anapunguza mzigo, mlowezi anautupa.

Tuje kwenye watoto, maana hapo ndipo kina mama watanisikiliza. Taa huyu mwenye madoa hatagi. Mayai huanguliwa tumboni, na watoto hukaa humo wakinyweshwa kitu kama maziwa kinachotolewa na kuta za tumbo la uzazi. Huzaa wachache, wasiozidi saba kwa mara moja, na kila mmoja anatoka amekamilika, na madoa yake, na mwiba wake. Wavuvi, zingatieni hesabu hiyo mnapomkuta jike aliyevimba ndani ya wavu. Sisemi zaidi, ninyi ni watu wazima.

Chura wetu yuko upande mwingine kabisa. Usiku wa mvua jike hupanda tawi lililo juu ya maji, na madume humfuata; mmoja hupanda mgongoni mwake, wengine hujibanza pembeni. Jike hutoa ute, na wote kwa pamoja huupiga kwa miguu ya nyuma, kama mtu anayepiga mayai ya keki, mpaka unaumuka. Mayai mamia kadhaa, wakati mwingine yakapita elfu, huingia ndani ya povu. Kazi ni nzito kiasi kwamba jike hukatiza, hushuka dimbwini kunywa kwa tumbo lake, kisha hupanda tena kuendelea. Ona: hata katika harusi yake suala ni maji. Asubuhi povu la nje limekauka gamba, la ndani limebaki bichi, na watoto wamo salama juani. Baada ya siku nne hadi sita hivi povu hulainika upande wa chini, na viluwiluwi hudondoka dimbwini mmoja mmoja, kama matone ya paa linalovuja. Basi mpishi wetu, ile sabuni yako ina watoto mia kadhaa. Usiipige ufagio.

Wenye macho ya kisanii waliniuliza zamani kuhusu ile samawati ya taa. Si rangi kwa maana ya wino. Watafiti wameichunguza ngozi ya taa huyu kwa hadubini kali, wakakuta ndani ya seli vifuko vidogo sana vyenye fuwele, vimepangika umbali ambao mwanga wa samawati unarudishwa na ule mwingine unapotea kwenye weusi ulioko chini yake. Mtazame kutoka upande wowote, samawati haibadiliki. Chura anatumia fuwele kuwa mweupe, taa anatumia fuwele kuwa samawati. Nilifurahi siku nilipolisoma hilo, nikamwamsha mke wangu. Yeye hakufurahi. (Kicheko.)

Mgeuzeni taa huyu kidogo, wewe kijana wa mbele. Usiogope. Watoto wote hudhani upande huu wa tumbo ndio uso, kwa sababu unatabasamu. Hayo si macho, ni matundu ya pua. Mdomo uko chini, mchangani, kwa hiyo akipumulia mdomo angemeza mchanga. Anavuta maji kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya macho, juu ya mgongo. Maji yakijaa hutoka mwambani na kuingia kwenye mchanga kutafuta kaa, kamba na minyoo. Maji yakipwa hujificha chini ya miamba ya matumbawe, katika vishimo vile vile ambamo mama zangu mnatia mchokoo kumtafuta pweza.

Hapo nisimame kidogo, maana si mambo ya vitabuni tena. Mimi nilichomwa nikiwa na miaka 11, maji ya bamvua, mguu wa kushoto. Mwiba wa huyu uko nyuma kwenye mkia, mbali na mwili kuliko kwa taa wengi, kwa hiyo ukimshika mkia ukidhani uko salama, hauko. Maumivu yake siwezi kuyaeleza mbele ya watoto. Aliyenisaidia alikuwa bibi mmoja jirani: alitia mguu wangu kwenye maji ya moto, ya moto kadiri nilivyoweza kuvumilia, si ya kuunguza, na kuyaongeza kila yalipopoa, kwa muda unaokaribia saa nzima. Maumivu yalishuka. Sumu ya taa ni protini, na joto huiharibu. Bibi hakuniambia protini, lakini aliniambia sawasawa. Kisha mtu apelekwe zahanati, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani na kidonda huoza. Na mnapotembea mwambani burutieni miguu mchangani, msiinyanyue na kuikita. Taa akisikia mtetemo huondoka. Hapigani na mtu, anapigania mgongo wake.

Ninyi wazee mnaocheka mkia wa taa ulivyotumika kama kiboko madrasa, nawaona. Na mimi ulinipitia. Tuendelee.

(Mama mmoja: Mwalimu, chura huyo mweupe hunijia mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, anakaa siku tatu hatoki. Nyumbani wanasema ametumwa.)

Mama, amejituma. Anatafuta ukuta wenye kivuli na taa yako, ile ya ngeli nyingine, inayomletea wadudu. Hana meno ya kukudhuru wala mkojo wa kukupofusha. Usimtie chumvi, maana huo kwake ni mauti, na sasa unajua kwa nini: umemfanya kitunguu. Siku akiondoka tazama kizingitini. Ukikuta kidonge cheupe kama chokaa, hapo ndipo alipokojoa. Siku tatu bila kunywa na hicho ndicho alichotumia. Mwite jirani aone.

Basi. Naona mstari wa kwanza umeanza kusogea nyuma na kanga zimepanda puani. Sasa mnaisikia? Hiyo ya chini, nzito, ni shombo. Hiyo ya juu, inayochoma macho, inayofanana na choo cha stendi, ni amonia. Tangu alfajiri yurea yote aliyoilinda inaondoka mbele yenu.

Jua limekwisha kuzama. Lile povu la mkwajuni lilijengwa jana usiku, na mara nyingi jike hurudi usiku wa pili kuliongezea povu jipya juu. Nani ana tochi? Tutakwenda kimya, tusimmulike usoni, na mvuvi mmoja wa mlangoni atubebee beseni hili lakini apite njia ya upande wa pwani, tafadhali, asipite jikoni.